Usiuze darubini usiyoweza kuijaribu

Leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi wala ya kupiga picha nzuri za bidhaa. Nina msimamo wangu mmoja tu. Unaweza kunipinga, ila nisome hadi mwisho kwanza.

Wiki iliyopita, saa 4 usiku, mteja aliniandikia WhatsApp: "Dada, una darubini ya bunduki? Nataka 3-9x40, iwe imara ila isiwe bei kali." Akanitumia na video ya YouTube, Mmarekani anaeleza namna ya kuchagua darubini ya kuwindia kulungu wa kwao kwa bajeti ndogo. Mi nauza darubini hapa Karatu, kwa hiyo kaona nitakuwa nazo.

Nikamjibu, "Kaka, hiyo siuzi."

Akasema, "Si unaweza kuagiza China kama unavyoagiza hizo nyingine?"

Ni kweli, naweza kuagiza. Lakini nikamwambia, "Siwezi kuijaribu, kwa hiyo siwezi kukuuzia." Akatuma kicheko, akapotea.

Nilipowasimulia wenzangu wawili tunaouza mtandaoni, wote waliniona mjinga. "Mteja ana hela mkononi, wewe unamfukuza!" Ndo maana naandika hapa. Msimamo wangu ni huu: sisi wauzaji wadogo hatutakiwi kuuza kitu ambacho hatuwezi kukijaribu wenyewe kabla hakijafika kwa mteja. Hasa kitu ambacho mteja anakitegemea kazini.

Nianze na hiyo ya bunduki. Kwanza kuna sheria. Silaha hapa Tanzania inamilikiwa kwa leseni, ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda nako kunataka kibali, ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro uwindaji hauruhusiwi kabisa. Sasa mtu simjui, ananiandikia usiku, yuko jirani na hifadhi, anataka kifaa cha kulengea mnyama. Labda ni mwindaji halali mwenye karatasi zake zote. Labda siyo. Mi na simu yangu nitajuaje?

Lakini hata angekuwa na vibali vyote, bado nisingeuza. Nilikaa nikasoma kuhusu hizo darubini mpaka saa 6 usiku. Mwindaji anayejua kazi halipii kuvuta picha karibu tu. Analipia kitu kimoja kikubwa: akishailinganisha darubini na bunduki yake, ibaki palepale hata bunduki ikimrusha bega mara 50. Ikisogea kidogo tu, mita 100 mbele risasi inaenda kwingine, mnyama anajeruhiwa na kukimbia. Hilo jaribio linataka bunduki, leseni, uwanja wa shabaha na risasi. Mi nina meza, chaja ya simu na rula. Nikiandika "imara, imejaribiwa", nitakuwa nimedanganya.

Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, siyo mbali na hapa, wanawinda kwa upinde na mshale. Hawana lenzi yoyote. Ila mwindaji anaujua mshale wake kwa sababu ameunyoosha mwenyewe. Sisi tunaouza vitu vya kutoka kwenye kontena, tunaujua upi?

Sasa nikuambie nilivyojifunza hili, maana sikuzaliwa nalo. Lilinigharimu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuuza kava za simu na chaja. Karatu ni mji wa watalii, magari yote ya Ngorongoro yanapita hapa. Nikaona madereva wa watalii wengi wanaulizia darubini. Nikasema hii ni fursa. Nikaagiza darubini 12 kutoka Kariakoo kwa shilingi 28,000 moja. Jumla 336,000, nauli ya basi na mambo mengine 14,000. Mtaji 350,000, ndo hela yote niliyokuwa nayo.

Kwenye boksi zilikuwa zimeandikwa 20x50, lenzi zinang'aa rangi nyekundu, nzuri kweli kwenye picha. Nikaposti: "Darubini kali, inavuta mara 20, ona simba akiwa kilomita!" Bei 65,000. Ndani ya wiki mbili nikauza 9. Nikajiona nimetoboa.

Mteja mmoja alikuwa kijana anayeanza kazi, msimu wake wa kwanza wa kushusha wageni kreta. Alinilipa kwa mafungu mawili. Siku moja akashuka na wageni wanne, wakamwona faru mbali sana upande wa msitu wa Lerai. Mnajua kule gari haliruhusiwi kuacha barabara kumfuata mnyama, kwa hiyo faru akiwa mbali, macho yako ni darubini basi. Akampa mgeni darubini yangu.

Aliporudi dukani hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, mgeni aliniuliza kama faru ni mmoja au wawili. Na mimi nilipoangalia, nikaona wawili. Kumbe alikuwa mmoja."

Darubini ilikuwa inaonyesha vitu viwiliviwili. Dereva wa gari la jirani ndo aliwaazima wageni ya kwake. Fikiria wewe ni muongoza watalii, watu wamevuka bahari kuja kumwona faru mweusi, halafu wanaonyeshwa na dereva wa gari lingine.

Huyo kijana hakutaka hela yake. Alitaka darubini inayoona, na mi sikuwa nayo. Nilimrudishia hela kwa lazima. Habari ikaingia kwenye kundi la madereva, wakaja wengine watano. Niliwarudishia watu 6, jumla 390,000. Kwenye mauzo ya 585,000 nikabaki na 195,000, wakati mtaji ulikuwa 350,000. Hasara 155,000, na boksi la darubini 9 ambazo sikujua nizipeleke wapi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja dereva, anashuka kreta zaidi ya miaka 20. Alikuja kununua waya wa chaja, akaona lile boksi. Akachukua moja, akatoka nayo nje, akainyoosha mbali na uso wake akaiangalia kwa nyuma. Akacheka.

"Binti, hii nani kakuuzia?"

"Nimeagiza Kariakoo, baba."

"Lete rula."

Ndani ya dakika 10 alinifundisha kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa mtaji wangu. Na mi nakupa wewe bure.

Darubini ina namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 8x42 maana yake inavuta mara 8, lenzi ya mbele ina milimita 42. Hata ile 3-9x40 ya bunduki ni hivyohivyo: inavuta kuanzia mara 3 hadi 9, lenzi milimita 40. Sasa chukua namba ya pili ugawe kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5 na robo. Huo ndo upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linaloingia kwenye jicho lako. Jicho la kijana gizani linafunguka mpaka kama milimita 7, jua likiwa kali milimita 2 au 3. Kwa hiyo darubini yenye duara la 5 inakufaa alfajiri na jioni, na hizo ndo saa wanyama wanatembea. Yenye duara la 2, mchana sawa, ila saa 12 asubuhi utaona kiza.

Ndo maana mteja akikuuliza "inavuta ngapi?" usikimbilie namba kubwa. Ikivuta sana, na mtetemeko wa mkono wako unavutwa pia. Eneo unaloliona linakuwa dogo, kumpata mnyama kwenye kioo ni shida. Kwa mtu anayeshika kwa mkono ndani ya gari, 8 inatosha, 10 ndo mwisho. Zaidi ya hapo anahitaji mguu wa kuisimamishia. Na ukiona imeandikwa lenzi ya 100, jiulize: milimita 100 ni sentimita 10, zaidi ya upana wa kiganja changu. Hiyo darubini unayoiona kwenye picha ina lenzi ya ukubwa huo kweli?

Haya ndo majaribio ninayofanya kwa kila mzigo sa hivi.

1. Rula mbele. Pima kioo cha mbele chenyewe, siyo plastiki inayokizunguka. Zile zangu ziliandikwa 50, rula ikasema 35.

2. Rula nyuma. Inyooshe darubini mbali na uso, ielekeze kwenye anga jeupe. USIELEKEZE JUANI, jua kupitia darubini linapofua macho. Utaona duara dogo la mwanga kwenye kioo cha nyuma. Lipime. Langu lilisoma milimita 5. 35 gawa kwa 5 ni 7. Yaani kitu kilichoandikwa kinavuta mara 20 kilikuwa kinavuta mara 7! Na hilo duara liangalie umbo. Likiwa la mviringo safi, vioo vya ndani ni vizuri. Likiwa na kingo za kijivu kama pembe nne, vioo vya ndani ni vya bei rahisi.

3. Mnara. Mi naangalia mnara wa simu ulio mbali. Nauangalia kwa macho yote mawili kwa dakika 2. Nikiona minara miwili, au kichwa kikianza kuuma, hiyo haiuzwi. Ni ugonjwa uleule wa faru wawili.

4. Baridi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na chini ni kama mita 600 kushuka. Asubuhi juu kuna ukungu na baridi kali, kule chini jua na vumbi. Darubini isiyozibwa vizuri inashika ukungu kwa ndani, na huo huwezi kuufuta. Ninaiacha nje usiku kucha, asubuhi naiingiza jikoni kwenye joto. Ukungu wa nje ni kawaida, unakauka. Ukungu wa ndani ni kasoro. Nzuri zimejazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa, kwa hiyo unyevu haupati njia. Wakiniambia haiingizi maji, sampuli moja naizamisha kwenye beseni dakika 10.

5. Rangi. Lenzi nyekundu kama kioo cha disko inapendeza kwenye posti, lakini wekundu unaouona ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kuingia kwenye jicho lako. Angalia kitu cheupe kupitia hiyo darubini, utaona kimebadilika rangi.

Kuna kitu kingine niligundua. Darubini nyingi nzuri zinarudishwa dukani kwa sababu mteja hajui kuziweka sawa. Macho ya mtu hayalingani. Sasa kila ninayemuuzia namtumia sauti ya dakika moja: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka kushoto kuwe safi. Kisha funga la kushoto, zungusha ile pete ya jicho la kulia mpaka kuwe safi. Usiiguse tena pete. Ukivaa miwani, kunja zile raba za macho. Vumbi jekundu la Karatu usilifute na shati, lipulize kwanza, maana ni mchanga, linakwaruza kioo.

Najua wengine mnasema, "Dada, mteja wa Kitanzania anataka bei tu." Nimesikia sana hii. Kwa mtazamo wangu, mteja anauliza bei tu kwa sababu sisi hatujampa kitu kingine cha kuuliza. Wote tumeandika "kali, original, inavuta mara 20". Kama maneno yetu yanafanana, atachagua kwa nini kama siyo bei?

Posti yangu ya sa hivi iko hivi: "8x42. Inavuta mara 8, nimepima. Lenzi ya mbele milimita 42, nimepima. Sampuli imezamishwa majini dakika 10. Haioni usiku wa giza. Haifai kupigia picha kwa simu. Ikionyesha vitu viwili ndani ya siku 14, rudisha upewe hela yako. Bei 160,000, risiti ipo." Angalia vizuri, nimeandika mpaka isichoweza. Watu wananiuliza kama nimechanganyikiwa. Ila wanaonipigia wanapiga wakiwa tayari kununua.

Hesabu ni hii. Ile ya kwanza nilipata faida ya juujuu ya 37,000 kila moja, kabla ya nauli na kabla ya kurudisha hela. Hii naipata kwa 105,000, nabaki na 55,000 kabla ya nauli. Msimu huu nimeuza 17, imerudi moja tu, na hiyo iliangushwa.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza niliuza 2 tu. Kuna mtu mtaa wa pili anauza za 60,000 zilizoandikwa namba kubwa, na wapo wateja wanaoniacha wanaenda kwake.

Na mteja ambaye kweli hana 160,000? Hili ndo swali linaloniumiza, maana yule kijana wa faru alikuwa mmoja wao. Jibu langu siyo kumpa feki ya 65,000. Mtu mwenye hela akipigwa atanunua nyingine. Mwenye kipato kidogo hana hela ya kununua mara mbili. Ninachofanya, mwezi wa 4 na wa 5 wakati wa mvua, wageni wakiwa wachache, naanza kupokea malipo kidogo kidogo, 20,000 au 30,000, naandika kwenye daftari na kumpa karatasi yake. Ikifika mwezi wa 6 msimu unaanza, anachukua darubini yake. Wapo pia madereva wawili wanaochangia moja kwa kuwa hawashuki siku moja. Na ninazo 2 za kukodisha kwa 10,000 kwa siku.

Kuhusu zile 9 zilizobaki: nilishauriwa nizipeleke mnadani, hakuna atakayenijua. Niliwaza sana, 155,000 siyo hela ndogo kwangu. Mwisho nikaziandika "darubini za watoto kuchezea, zinavuta mara 7, picha si nzuri", shilingi 15,000. Zimenunuliwa 4. Nyingine 5 bado ninazo, moja naionyesha wateja ili waone tofauti kwa macho yao. Imeniuzia darubini nyingi nzuri kuliko tangazo lolote.

Angalizo la mwisho: usiweke jina la kampuni kubwa kwenye bidhaa ambayo siyo yao. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Bora uuze isiyo na jina ukiwa umeipima.

Yule kijana alirudi mwezi wa 7. Hakuja kununua, alishanunua Arusha. Alikuja na mwenzake anayeanza kazi, akamwambia mbele yangu, "Huyu dada mwambie akupimie na rula." Mwenzake akachukua moja. Mi nilimtoa nje, nikampa, nikamwambia aangalie mnara.

"Mingapi?"

"Mmoja," akasema.

Nikafunga mzigo.

Sasa niambie wewe hapo chini: unauza nini, na unakijaribuje kabla hakijamfikia mteja? Kama huna jibu, anza na bidhaa moja wiki hii.